Sikio la Kinyozi

Kinyozi huyu alikuwa na masikio mawili kama wewe na mimi, tena moja limejikunja juu kidogo kwa kulaliwa tangu utotoni, lakini mtaa mzima ulimwita Sikio, kwa umoja, kana kwamba lile la pili lilikuwa pambo tu. Jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi. Ukimwita kwa jina la wazazi aliitika akiendelea kunyoa. Ukimwita Sikio, aligeuka mzima mzima na mkasi hewani.

Alilipata kwa ajili ya chumba cha nyuma. Mbele kulikuwa na viti vya kunyolea, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na taulo zimeanikwa kwenye kamba. Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba kingine, na humo ndimo alimofuga muziki wake kama wengine wanavyofuga kuku. Spika mbili ndefu zilielekezwa kwenye kiti kimoja. Santuri zilijaa makasha mpaka dirishani. Na juu ya rafu, peke yake kama bibi harusi, ilikaa amplifaya, mashine ya kukuza sauti, ya kutoka ng'ambo, nyeusi, nzito, ambayo sauti yake unaiongeza kwa kuzungusha kitufe kwa kidole kimoja tu.

Alasiri za siku za mapumziko marafiki walikusanyika humo. Alikuwapo mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mtu wa kukohoa kabla ya kila neno. Alikuwapo mama muuza vitambaa wa duka la jirani, na wengine waliokuja kwa ajili ya chai. Santuri ikiwekwa, Sikio alikaa kwenye kile kiti ambacho hakuna mwingine aliyethubutu kukikalia, akafumba macho, kisha akatoa hukumu. "Waya hizi mpya zimeifungua sauti." Na kweli, wote wakasikia imefunguka. "Leo umeme mchafu, sauti ina vumbi." Wote wakasikia vumbi. Hakuna aliyewahi kumbishia, na utambishiaje mtu aliyefumba macho?

Dada yake mdogo alikuwa ameolewa na fundi wa redio. Huyo shemeji alikuwa na kibanda nyuma ya soko, na kazi yake kubwa ilikuwa kufufua pasi, chaja na redio zilizoangushwa na watoto. Lakini moyoni alitaka kutengeneza, si kukarabati tu. Kwa muda mrefu, jioni baada ya kufunga kazi, alikuwa akiunda amplifaya yake mwenyewe. Kasha alilikata kwenye mlango wa friji bovu, akalipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye geti la mtu. Skrubu zake hazikufanana hata kidogo. Ilikuwa na sura mbaya, tusifichane.

Basi mwenye ukumbi wa sherehe alikuwa anatafuta vyombo vipya vya muziki, akasikia habari za fundi. Akasema maneno ambayo fundi aliyarudia nyumbani mpaka mkewe akayakariri: "Mimi sijui sauti. Lakini Sikio akiipitisha, wewe ndiye utakayenitengenezea ukumbi mzima, na nitawaambia wenzangu wote." Ndoto ya mtu mzima ikawa imening'inia kwenye sikio la shemeji yake.

Siku ya kusikiliza, fundi alifika mapema akiwa amevaa shati lililopigwa pasi, amplifaya yake mikononi. Alileta na kisanduku kidogo chenye swichi: ukiipandisha juu, spika zinapigwa na amplifaya ya Sikio, ukiishusha chini, zinapigwa na ya kwake. Akazipima zote mbili kwa mita yake, akazisawazisha zisizidiane nguvu, maana inayopiga kelele zaidi ndiyo watu wanayoiita nzuri. Kisha akatoka kwenda kumpokea mwenye ukumbi barabarani.

Sikio akabaki chumbani. Akatazama rafu, akaona amplifaya yake imekaa upande wa kivuli na lile debe la kijani limepewa upande wa dirisha, linang'aa. Hakupenda. Akachomoa waya, akazibadilisha nafasi zile amplifaya mbili, akachomeka tena. Alifanya haraka kwa sababu sauti za wageni zilikuwa zimeshafika mlangoni. Alipuliza vumbi la kwenye rafu, akaketi.

Walipiga santuri ya mwanamke mmoja aliyeimba zamani, sauti na gitaa, hakuna makelele. Mwalimu ndiye aliyeshika swichi. Akaipandisha juu.

"Aaa," alisema Sikio, macho kwenye ile nyeusi yake, kisha akayafumba. "Hapa maji yanatiririka. Mnamsikia anavyovuta pumzi?"

Wakamsikia anavyovuta pumzi. Mwalimu akaishusha swichi chini. Kabla Sikio hajafumba macho alikuwa ameshaiona taa nyekundu ya lile debe, na skrubu zake zisizofanana, na rangi ya geti. Akasikiliza kwa heshima, kwa sababu ni shemeji.

"Sauti ipo," alisema. "Siwezi kusema haipo. Lakini ni kavu."

"Kavu!" alidakia mwalimu, akakohoa. "Hilo ndilo neno nililokuwa nalitafuta. Kooni inawasha."

"Kama kitambaa kipya kabla hakijafuliwa," alisema mama muuza vitambaa. "Kina wanga."

Mwenye ukumbi alijikuna kidevu, akasema atafikiria, na kila mtu mzima anajua maana ya atafikiria. Lakini wa kutazamwa alikuwa fundi. Aliinamisha kichwa kwenye spika moja, akasikiliza, akasogea kwenye nyingine, akasikiliza tena. Akainuka. "Kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Naisikia. Kavu." Akaaga, akasema chombo atakifuata kesho, akaondoka mikono mitupu.

Wageni walipokwisha kuondoka, Sikio alianza kupanga vitu vyake, akijisikia vizuri na vibaya kwa pamoja, kama mtu aliyesema kweli kwa ndugu. Akashika waya unaotoka mgongoni mwa amplifaya yake aukunje. Akaufuata kwa kidole mpaka kwenye kisanduku. Ulikuwa umechomekwa tundu la chini.

Akaufuata tena. Akashika na ule wa fundi, akaufuata nao. Ulikuwa umeingia tundu la juu. Katika haraka yake ya kutafuta nafasi ya dirishani alikuwa amezikosea. Yale maji yaliyotiririka yalitoka kwenye debe la kijani. Na ule ukavu ulikuwa wa kwake, kutoka ng'ambo, mweusi, mzito.

Aibu haikumjia mara moja. Kwanza ilikuja akili ya kujitetea, kama ilivyo kwa wengi wetu. Alijiambia: basi sikio langu ni zuri kuliko nilivyodhani, limetambua kwamba ya shemeji ni bora hata bila mimi kujua! Wazo hilo lilimpendeza. Akaweka santuri ileile, akafunga macho kwa taulo la kunyolea, akaichezesha swichi juu chini, juu chini, mpaka mwenyewe akapoteza hesabu imeishia wapi. Akasikiliza. "Hii ya shemeji," alisema. Akafunua macho: ilikuwa yake. Akarudia, akapatia. Akarudia, akakosa. Akarudia, akakosa tena. Kubahatisha tu. Mwanamke yule aliendelea kuimba vilevile, akivuta pumzi ileile, hajali anapigwa na debe la nani. Hapakuwa na maji wala ukavu. Ndipo aibu ilipokuja, ikamkuta kakaa kwenye kile kiti chake na taulo shingoni.

Alilala ameamua kusema. Kesho yake asubuhi fundi aliingia kuchukua chombo chake, na Sikio akaweka wembe chini.

"Shemeji, ile habari ya jana..."

"Usinipoze, shemeji," alisema fundi. "Nimefikiria usiku kucha. Wengine wangenionea haya, wangesema ni nzuri ili wasiniudhi. Wewe hukunionea haya. Nakushukuru." Na akampa mkono, mkono wenye makovu madogo ya kuungua kwa chuma cha kulehemu, na Sikio akaupokea na kuutikisa. Utamwambiaje kitu mtu anayekushukuru? Sikio alisema, "Haya, shemeji." Na kweli ndizo alizokuwa nazo, haya, hazina hata pa kuzitua.

Mtaa nao haukungoja. Neno lilitoka chumba cha nyuma likapita vitini, likavuka barabara. Wateja walikaa chini ya mkasi wakisema, "Pasi yangu nimeipeleka kwa Mkavu." "Yupi?" "Si yule fundi, shemeji yako, wewe si ndiye uliyempa jina?" Nao wakacheka, wala hawakuwa na ubaya, jina la utani ni jina la utani. Kila lilipotajwa, Sikio alihisi joto likipanda shingoni mpaka kwenye lile sikio lililojikunja. Akawa anajiambia atasema siku ya mapumziko. Siku ya mapumziko ikija, anasema wageni wamekuwa wengi. Sikio la kufa halisikii dawa, na hili lilikuwa linakufa huku likisifiwa.

Ndipo dada yake alipokuja. Aliingia mchana, mteja yuko kitini amejaa povu usoni, akasimama karibu na kioo bila kuketi.

"Kaka, nisaidie," alisema. "Mume wangu amekwisha. Kila jioni anakifungua kile chombo, anatoa hiki, anaweka kile, anakifunga, anasikiliza, anakifungua tena. Kazi za watu zimelala. Jana ameniambia akishindwa na hii basi, hatengenezi kitu tena, atabaki na pasi zake."

"Atapata tu," alisema Sikio, macho kwenye shavu la mteja.

"Atapataje bila kujua pa kutafuta? Wewe ndiye uliyeusikia huo ukavu. Niambie ulikuwa wapi hasa. Juu? Kwenye besi? Niambie nimpelekee."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kama mlango unavyoweza kuwa wazi. Lakini mteja alikuwa pale, na mwingine benchini na gazeti lake, na dada yake alikuwa anamtazama kwa imani ileile aliyokuwa nayo alipokuwa mdogo akimuuliza kaka yake kama mvua itanyesha. Sikio akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa hiki:

"Katikati. Sauti za kati."

"Sauti za kati," alirudia dada, polepole, kama mtu anayeshika maelekezo ya dawa asije akayakosea njiani. "Asante, kaka." Akatoka anatembea haraka. Wembe ukateleza, mteja akaruka kitini ameshika sikio.

"Samahani," alisema Sikio, akitafuta pamba. "Samahani sana. Samahani." Mteja akashangaa, maana kidonda chenyewe kilikuwa kidogo na samahani zilikuwa nyingi.

Fundi alirudi siku ya mapumziko iliyofuata, wakati watu wamejaa na chai imeshamiminwa. Alikuwa amekonda. Alibeba debe la kijani kwa mikono miwili, na mkewe alimfuata nyuma, akabaki amesimama mlangoni penye pazia.

"Nimeshughulika na sauti za kati kama ulivyoagiza," alimwambia Sikio. "Karibu nusu ya vitu vya ndani nimevitoa. Naomba usikilize tena."

Akaunganisha mwenyewe. Santuri ikazunguka, mwanamke akaanza kuimba, na pamoja naye ukaingia mngurumo. Haukuhitaji sikio lolote maalumu. Ulikuwa chini ya wimbo mzima kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa, na mwanamke alipopandisha sauti, ilichanika pembeni. Fundi alikuwa ameiharibu. Alikuwa amechukua kitu kizima akakitibu mpaka kikaugua.

Watu wakatazamana. Kisha mwalimu akakohoa. "Afadhali!" alisema. "Sasa imelowa kidogo."

"Wanga umetoka," alisema mama muuza vitambaa, ingawa uso wake ulikunjwa na ule mngurumo.

Hawakuwa waongo hawa. Walikuwa watu wema, wamemwonea huruma fundi aliyekonda, na hawakujua tena wasikie nini mpaka waambiwe. Na fundi hakuwatazama hata mmoja. Alimtazama Sikio, na fundi mwenyewe alikuwa anajua, uso wake ulionyesha wazi anajua kwamba chombo kinanguruma. Alikuwa anangoja tu aambiwe kwamba hakingurumi.

Sikio akainuka kwenye kiti chake. Akaiinua sindano kutoka kwenye santuri.

"Haikuwa kavu," alisema.

"Nani kasema?" aliuliza mwalimu.

"Siku ile nilizibadilisha waya. Nilitaka yangu ikae dirishani, nikachomeka kinyume. Mliyoiita kavu ilikuwa yangu. Iliyotiririka ilikuwa ya shemeji. Halafu nikazijaribu peke yangu nimefunga macho, na sikuweza kuzitofautisha. Siwezi. Sijui kama nimewahi kuweza."

Alidhani watamcheka. Alikuwa amejiandaa kwa kicheko. Lakini mwalimu aliweka kikombe chini kwa nguvu.

"Usituchezee," alisema. "Mimi niliusikia ukavu. Kooni hapa. Kama waya zilikosewa, basi zilikosewa siku nyingine."

"Na mimi nilisikia," alisema mama muuza vitambaa. "Au unataka kusema mimi sina masikio?"

"Nataka kusema sisi sote..."

"Wewe sema yako," mwalimu alimkatiza, akasimama, akatafuta kofia yake. Maana aibu ya mtu mmoja inavumilika, lakini ukitaka kuwagawia wenzako, kila mmoja anakumbuka ana shughuli nyumbani. Walitoka mmoja mmoja, chai zao zikiwa bado zinafuka mvuke, mpaka chumba kikabaki na watu wa familia.

Fundi hakuwa amesogea. Kiganja chake kilikuwa juu ya lile kasha la kijani.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Siku ileile. Mlipoondoka."

"Hata nilipokuja asubuhi kukichukua? Nilipokushukuru?"

"Hata hapo."

Fundi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia bei ya kitu asichokitaka. "Mimi nilikuwa naisikia nzuri, shemeji. Kila jioni naisikia nzuri, mpaka uliposema wewe. Ukizikosea waya, hilo si neno, hata mimi nazikosea. Lakini nilikiona kitu changu kinakufa mkononi mwangu, nikaendelea kukikata, kwa sababu wewe ulisikia."

"Na sauti za kati?" Dada alikuwa bado pale mlangoni. "Niliposimama mbele yako nikakuuliza, nikatembea nazo mpaka nyumbani nisizisahau. Zile sauti za kati zilitoka wapi?"

"Nilizitunga," alisema Sikio.

Dada yake aliingia ndani hatua moja. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

"Na mtaa mzima wanamwita mume wangu Mkavu," alisema. "Kumbe mkavu ni wewe, kaka. Mkavu wa macho."

Wakalibeba debe lao, kila mmoja upande wake, wakaondoka. Sikio akasikia hatua zao mpaka barabarani. Hizo alizisikia vizuri.

Mwenye ukumbi alikuwa ameshanunua vyombo kwingine. Maji yakimwagika hayazoleki. Sikio alikwenda kumweleza, akasikilizwa kwa adabu, akaambiwa ahsante, pole. Mkutano wa siku za mapumziko ukahamia sebuleni kwa mwalimu, na inasemekana huko mwalimu ndiye anayefumba macho siku hizi. Kinyozi aliiuza ile nyeusi yake. Mtaa uliendelea kumwita Sikio. Alijaribu kuwakataza, wakafikiri anatania, wakazidisha. Jina la utani ni kama harufu ya kitunguu vidoleni: unanawa, unadhani limekwisha, mtu anakusalimia unalikuta pale pale. Kinyozi hajinyoi.

Siku za mapumziko alianza kwenda kibandani kwa fundi. Mara ya kwanza fundi hakuinua kichwa, wala hakumfukuza. Mara nyingine alimpa taa amshikie wakati analehemu. Baadaye alimpa skrubu azichambue, na kinyozi aliketi kwenye kigoda, akizipanga zinazofanana pamoja. Debe la kijani lilikaa rafuni, kimya, limefunguliwa mgongo. Hakuna aliyelitaja.

Alasiri moja akatokea mteja mgeni, redio kwapani, akainama kuchungulia ndani.

"Habari za hapa? Nimeelekezwa kwa Mkavu. Ndiyo hapa?"

Fundi, chuma cha moto mkononi, alianza kuinua kichwa aitike, kama alivyozoea. Kinyozi akamwahi. Uso wote ulikuwa umemwaka, mpaka ncha ya lile sikio, lakini alisimama ili mgeni amwone vizuri.

"Ni hapa," alisema. "Mkavu ni mimi. Fundi ni huyu."